Mfuko wa Madini ya Risasi wa Kulinda Filamu: Tathmini Baada ya Safari Tatu

Mfuko ninaoutathmini hapa ni ule wa kijivu, wenye ukubwa wa daftari la shule, ambao ndani ya kitambaa chake umeshonewa tabaka jembamba la madini ya risasi, na ambao huuzwa kwa wapiga picha wanaosafiri kwa ndege wakiwa na filamu ambazo hazijasafishwa. Niliununua mtandaoni kwa bei iliyolingana na filamu nne za rangi, nikalipia na gharama ya kuuleta Dar es Salaam, na tangu hapo nimefanya safari tatu za kwenda Ulaya na kurudi, kila mara nikibadilisha ndege njiani. Unameza filamu kumi na mbili za milimita 35 bila kubanana, zipu yake ni imara, na mshono wake haujafumuka hata mahali pamoja. Kwa ushonaji wake sina neno. Neno langu ni juu ya kazi ambayo uliuzwa kwangu uifanye, nayo ni kuzifikisha filamu salama ng'ambo ya pili ya ukaguzi wa uwanja wa ndege.

Utando wa filamu una chembe za chumvi za fedha ambazo hubadilika zikiguswa na mwanga, na chembe hizo hazibagui: mwanga wa jua unaopita kwenye lenzi na mionzi ya eksirei inayopenya begi lililofungwa, vyote huziamsha. Ndiyo sababu Wilhelm Röntgen, alipoigundua mionzi hiyo mwaka 1895, aliweza kuinasa mifupa ya mkono wa mkewe kwenye bamba la picha, na ndiyo sababu kwa miongo mingi hospitali zetu zilipiga vifua na mifupa kwa filamu, zile karatasi kubwa nyeusi ambazo mgonjwa alirudi nazo nyumbani ndani ya bahasha ya kaki. Hospitalini mionzi ilikusudiwa kuifikia filamu. Uwanjani inaifikia bila mtu kuitaka, na inachoacha ni ukungu: weusi wa picha unageuka kijivu, vivuli vinapoteza undani wake, na chembe zinajitokeza hadi uso wa mtu unaonekana kana kwamba umenyunyiziwa mchanga. Kadiri filamu inavyokuwa na kasi kubwa, yaani wepesi wa kuitikia mwanga, ambao hupimwa kwa namba za ISO, ndivyo inavyodhurika upesi, kwa hiyo ile ya ISO 100 huvumilia mengi, ya ISO 400 huvumilia kiasi, na ya ISO 3200 haifai kupitishwa popote. Tena madhara haya hujumlishwa. Filamu haipumziki kati ya uwanja mmoja na mwingine. Kila ilichokipokea inakihifadhi mpaka siku ya kusafishwa.

Kwa miaka mingi jambo hili halikuwa tishio kubwa kwa anayebeba filamu kwenye begi la mkononi. Mashine za zamani, zile ambazo begi hupita mara moja mbele ya mwali wa eksirei na afisa akaliona kwa picha bapa, hutoa mionzi kidogo, na ushauri uliozoeleka ulikuwa kwamba filamu iliyo chini ya ISO 800 inaweza kupita mara kadhaa, isizidi tano, bila dalili ya kuonekana kwa jicho. Kilichobadilisha mambo ni mashine za CT, ambazo ni za ukoo mmoja na zile za hospitalini. Hizi huuzungusha mwali kulizunguka begi, zikachukua picha nyingi kutoka pande zote na kuziunganisha kuwa umbo ambalo afisa analigeuza kwenye kioo apendavyo. Zilianza na mizigo inayopakiwa tumboni mwa ndege. Ya kwanza kuidhinishwa nchini Marekani, CTX 5000 ya kampuni ya InVision, ilipata kibali mwaka 1994, na tangu wakati huo kanuni ya kwanza ya mpiga picha imekuwa ni kutoweka kamwe filamu kwenye sanduku la kupakiwa. Baadaye zikahamia kwenye mizigo ya mkononi. Machi 2019 mamlaka ya usalama wa safari ya Marekani, TSA, iliagiza mashine 300 za namna hiyo kwa mkupuo mmoja, na Uingereza iliviwekea viwanja vyake vikubwa Juni 2024 kuwa muda wa mwisho wa kuzifunga. Kodak na Ilford, kampuni za kutengeneza filamu, zote mbili zimewaonya wateja wao wasipitishe kwenye mashine hizi filamu ambayo haijasafishwa.

Msafiri anaweza kuitambua mashine ya CT hata kama hakuna kibao. Ni nene na ndefu, mdomo wake ni kama wa handaki, na hutoa mvumo wa kitu kinachozunguka. Dalili iliyo rahisi zaidi ni maneno ya afisa mwenyewe: ukiambiwa uache kompyuta na chupa zako ndani ya begi, mahali ambapo zamani ulilazimika kuvitoa, basi karibu kila mara mbele yako ipo CT, na hapo ndipo unapopaswa kusimama na kusema una filamu kabla begi halijagusa mkanda.

Safari ya kwanza niliuamini mfuko kabisa. Niliweka ndani yake filamu kumi za Ilford HP5 Plus, ambazo ni nyeusi na nyeupe za ISO 400, nikazifunga na kuzitia katikati ya begi la mkononi, na sikusema neno kwa mtu yeyote, kwa sababu nilidhani kwamba maana ya kununua kinga ni kutokulazimika kusema. Kule Ulaya nilipiga zote kumi. Wakati wa kurudi, katika uwanja mmoja mkubwa wa kubadilishia ndege ambao sitautaja, begi langu lilisimama ndani ya mashine, likarudishwa nyuma, likapita tena, kisha likasukumwa kwenye njia ya pembeni. Afisa alilifungua, akautoa mfuko, akaupima uzito mkononi, akafungua zipu. Nilikuwa ng'ambo ya kizuizi nikisubiri zamu yangu ya kupekuliwa, na nilipofika mezani filamu zote kumi zilikuwa zimekwisha kumiminwa kwenye trei ya plastiki, zikiwa uchi, na trei ilikuwa inaingia kwenye mashine ile ile. Mfuko wangu ulipita nyuma yake ukiwa mtupu.

Simlaumu afisa yule, na nataka hili lieleweke vizuri, kwa kuwa ndilo kiini cha tathmini yangu. Kazi yake ni kuona kilichomo ndani ya begi. Kwenye kioo chake, mfuko wenye risasi huonekana kama pande jeusi lisiloonyesha kilichomo, na hakuna uwanja unaoweza kuruhusu pande la namna hiyo lipite bila kufunguliwa. Akishaufungua ana njia mbili, ama azikague filamu kwa mkono ama azipitishe tena bila kifuniko, na mtu ambaye hajaelezwa lolote, mwenye foleni ya watu mia nyuma yake, atachukua ile ya pili. Kwa hiyo mfuko uliokusudiwa kuzikinga filamu ndio uliosababisha zipitishwe uchi, baada ya kuwa zimekwisha kupitishwa mara mbili zikiwa ndani yake.

Nilizisafisha nyumbani, bafuni, kwa dawa ya kusafishia filamu iitwayo D-76, katika tangi moja na kipande cha filamu ya kasha lile lile nilichokuwa nimekiacha Dar es Salaam kwenye jokofu. Nilipozitundika kwenye kamba zikauke nilihitaji tu mwanga wa dirisha ili kuona tofauti. Kipande kilichobaki nyumbani kilikuwa na pembezoni safi, zenye uwazi ambao ungeweza kusoma gazeti kupitia kwake. Zile zilizosafiri zilikuwa na utando wa kijivu kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kwenye sehemu ambazo hazikupigwa kitu, na katika mbili kati yake kulikuwa na mawimbi hafifu yanayokata filamu, yakijirudia kwa nafasi sawa. Picha za mchana wa jua ziliokoka, kwa kuwa zilikuwa na mwanga wa kutosha kuushinda ukungu. Zilizoharibika ni za usiku na za ndani ya nyumba, na miongoni mwake zilikuwamo picha za shangazi yangu akiwa jikoni kwake, katika nyumba aliyokuwa anaihama wiki ile baada ya kuishi humo miaka thelathini. Picha za jiko lile siwezi kuzirudia.

Wauzaji wa mifuko hii huandika kwamba risasi huzuia mionzi, na kauli hiyo ina ukweli ndani yake. Risasi hupunguza mionzi. Ni kiasi gani inapunguza hutegemea unene wa tabaka na nguvu ya mashine, na tabaka linaloweza kushonwa ndani ya mfuko ambao mtu ataukubali kuubeba begani ni jembamba mno kuizuia CT isiguse filamu za kasi. Ningetamani wauzaji waandike hivyo waziwazi. Kibaya zaidi ni pale wanapoacha mnunuzi aamini kwamba akiwa na mfuko anaweza kuzitia filamu kwenye sanduku la kupakiwa. Huko chini hakuna afisa wa kuombwa, mashine zina nguvu zaidi, na pande jeusi litaamsha ukaguzi wa pili wakati mwenye mzigo yuko ghorofani akinywa chai.

Kuna na tatizo la lugha ambalo sijaona mtu akilitaja, labda kwa sababu wanaoandika juu ya mifuko hii hawaandiki kwa Kiswahili. Kwetu, risasi ni madini na risasi ni kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Abiria anayemweleza afisa wa usalama kwamba amebeba mfuko wa risasi amesema jambo ambalo hakuna afisa anayeweza kulisikia kwa utulivu, na akishalisema mbele ya watu hawezi kulifuta kwa urahisi. Kama lazima uutaje, sema ni mfuko wa kukinga mionzi, na uwe umeushika mkononi tayari kwa kuufungua.

Safari ya pili niliuweka mfuko wa risasi chini kabisa ya begi, mtupu, na filamu nikazitia kwenye mfuko wa plastiki angavu wenye zipu, wa aina ile ile ya kuwekea samaki kwenye friza. Nilizitoa kwenye visanduku vyake vya karatasi na kwenye vikopo vyeusi, nikabakiza vikopo vile vinavyoonyesha kilicho ndani, na nikazipanga kwa namna ambayo mtu angeweza kuzihesabu bila kuzigusa. Nilifika mapema kuliko nilivyozoea. Hili la muda ni muhimu sana kwa sisi wa huku, kwani katika jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere mizigo hukaguliwa mlangoni unapoingia, na tena mbele kabla ya kupanda ndege. Nairobi, katika uwanja wa Jomo Kenyatta, nimeona abiria wakishushwa kwenye magari na kukaguliwa hata kabla ya kulifikia jengo. Anayehesabu mara moja kwa kila uwanja anajidanganya. Filamu inaweza kuwa imepita mashine mbili au tatu kabla haijaiona ndege, na kila lango linahitaji ombi lake.

Ombi lenyewe nilikuwa nimelifanyia mazoezi. "Dada, habari za kazi. Hizi ni filamu za kamera za zamani, bado hazijasafishwa, na mashine inaweza kuziharibu. Naomba mzikague kwa mkono. Nina muda, nitasubiri." Nililisema kwa sauti ya chini, mfuko ukiwa tayari mkononi, kabla ya kuweka kitu chochote kwenye mkanda. Dada yule alizitazama, akamwita mwenzake aliyemzidi umri, na mzee yule alipoziona alitabasamu na kuuliza kama bado zinauzwa. Alizigeuza moja moja, akapangusa vikopo kwa kitambaa kidogo cha kupimia mabaki ya milipuko, akaingiza kitambaa kwenye kipimo, akasubiri, akanirudishia. Hazikupita dakika tano. Katika viwanja vinne vya safari ile nilikubaliwa katika vitatu. Katika cha nne mashine ilikuwa ya zamani, afisa alikataa kwa upole, nami nikaziacha zipite, na sikuona athari yoyote nilipozisafisha.

Haki ya kukaguliwa kwa mkono haiko sawa kila mahali. Marekani inaitambua, na TSA yenyewe huwashauri abiria wabebe filamu mkononi na kuomba. Sehemu nyingi nyingine jambo hilo liko mikononi mwa afisa aliyepo zamu, na namna ya kuomba ina uzito kuliko kanuni. Nimemwona kijana mwenye kamera nzuri kuliko yangu akinyimwa kwa sababu alianza kwa kunukuu sheria za nchi nyingine. Ukikataliwa, uliza kwa adabu kama ipo njia nyingine yenye mashine ya kawaida, maana viwanja vingi bado vina zote mbili. Usibishane na afisa mpaka akupe mgongo. Utakosa ndege, na filamu zitapita tu.

Safari ya tatu nilitaka kuutendea mfuko haki, nikautumia mahali ambapo nadhani unastahili. Nilikuwa na filamu tatu za Delta 3200, ambazo ni za kasi mno, na nilijua kwamba katika safari ile kulikuwa na viwanja viwili vidogo vyenye mashine za zamani ambavyo maafisa wake hawakubali ukaguzi wa mkono. Niliwaeleza kabla, nikawaonyesha mfuko ukiwa wazi na filamu ndani yake, nikaomba zipite zikiwa zimefungwa. Mmoja alikubali baada ya kupangusa. Wa pili alizitoa. Filamu zote tatu zilitoka na ukungu mwepesi ambao filamu za kasi hiyo huwa nao hata zikikaa nyumbani kwa muda, kwa hiyo siwezi kusema kwa haki kwamba mfuko ulizikinga, ingawa haukuzidhuru.

Mambo machache nimejifunza ambayo hayahusu mfuko lakini anayefikiria kuununua ayajue. Kamera iingie uwanjani ikiwa tupu, kwa kuwa afisa ana haki ya kutaka kuona ndani yake, na mlango wa nyuma ukifunguliwa filamu iliyo njiani imekufa. Filamu za 120 hazina ganda la chuma, zimeviringishwa kwenye karatasi tu, na mtu asiyezijua atataka kuzikunjua; zionyeshe wewe mwenyewe, ukishika mwisho wa karatasi kwa kidole. Filamu za papo kwa papo kama za Instax ni za ISO 800, nazo zinahitaji kuombewa vilevile, jambo ambalo vijana wengi wanaozibeba kwenye harusi za Zanzibar hawalijui. Filamu ikishasafishwa haiogopi eksirei tena, wala kadi za kamera za kidijitali haziogopi. Kwa sababu hiyo, kama safari inakwenda kwenye mji wenye maabara, kusafishia kule kule na kurudi na negativu ni kinga kuliko kitu chochote kinachouzwa. Kutuma kwa kampuni za vifurushi si njia ya kukwepea mashine, maana vifurushi vinavyosafiri kwa ndege navyo hupigwa eksirei.

Basi hukumu yangu juu ya mfuko ni hii. Kwa mtu anayepita viwanja vyenye mashine za zamani pekee, anayebeba filamu za ISO 800 na kuendelea, na aliye tayari kuufungua na kuueleza kila mara, unaweza kuwa na faida ndogo. Kwa anayepita hata uwanja mmoja wenye CT, haumfai, na unaweza kumletea hasara kama iliyonipata, kwa kuwa unamfundisha kunyamaza mahali anapotakiwa kusema. Bei yake ingeninunulia filamu nne za rangi, na leo ningechagua hizo filamu bila kusita. Uzito wake nao si mdogo, hasa kwa mashirika yanayopima begi la mkononi kwa kilo saba.

Kwa safari ijayo nimekwisha kununua mfuko mwingine wa plastiki, kwa sababu zipu ya ule wa kwanza imelegea kwa kufunguliwa na maafisa wengi. Ule wa risasi utabaki kabatini.